Nilibadilisha vitambaa vya mitungi ya maziwa ili niwafunze wateja kuhusu bias

Wakuu, salaam kwa wa salaam, na habari kwa wa habari.

Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Isiolo na sijayapamba. Ningekuwa wa kupamba, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani Chechelesi kusubiri kazi. Nikisubiri, namsaidia shangazi yangu, Mama Dida, kuuza maziwa ya ngamia sokoni.

Chuoni nilisoma jinsi akili ya binadamu inavyomdanganya kwenye maamuzi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusumbua. Ukiniambia chai ni tamu, nakuuliza umelinganisha na nini.

Sasa sikieni.

Maziwa huletwa asubuhi na boda. Kila mfugaji hufunga kitambaa kwenye mkono wa mtungi wake, ndio shangazi ajue ni wa nani. Sisi tuna wafugaji wawili.

Kitambaa chekundu ni cha Mzee Boru, mwenye ngamia wengi na jina kubwa. Cha kijani ni cha Qabale, mjane wa upande wa Ngaremara. Yeye anakamua ngamia watatu tu.

Wateja wote walitaka chekundu. Kijani kilisubiri hadi chekundu kiishe, na siku nyingi maziwa yalichacha yakisubiri.

"Ya Qabale iko na moshi sana," Mwalimu Kirimi, mteja wetu wa kila siku, alikuwa akisema.

Wakuu, mitungi yote hufukizwa kwa moshi. Huo ndio ufundi wenyewe. Lakini moshi wa Mzee Boru, Mwalimu aliuita ladha.

Ijumaa moja shangazi akaniambia kwamba Jumatatu atamwambia Qabale asilete tena. Hakufurahia kusema hivyo. Qabale hana mahali pengine pa kuuza.

Nikaona hapa elimu lazima ifanye kazi.

Jumamosi asubuhi, shangazi akiosha vikombe, nikavibadilisha vitambaa. Chekundu kwa Qabale, kijani kwa Boru. Kisha nikaenda kuchota maji kama mtu asiye na dhambi.

Niliporudi nikaonja kwanza ule wa chekundu. Maziwa laini, utamu kwa mbali. Nikasikia hasira kwa niaba ya Qabale.

Mwalimu akafika, akaonja chekundu. "Hii ndio maziwa, kijana." Akaonja kijani, akakunja uso. "Si nilikuambia? Moshi."

Mzee Galgalo, anayeuza mbuzi hapo karibu, naye akaonja, akasema yale yale.

Nikashindwa kunyamaza. Nikapanda juu ya kreti ya soda nikatoa mhadhara. Nikataja confirmation bias, yaani mtu kuona kile tu alichokwisha kuamini. Nikasema nimebadilisha vitambaa, kwamba hata mimi nimeonja chekundu nikasikia utamu wa Qabale, na kwamba miaka yote wamekuwa wakinywa kitambaa, si maziwa.

Mwalimu alitazama kikombe chake kama kimemsaliti.

Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa leso, anacheka.

"Umemaliza, profesa?"

"Nimemaliza."

"Nilikuona. Ulipoenda maji nikavirudisha."

Mwalimu akanywa tena, polepole, akinitazama. "Kwa hivyo ile uliyosikia utamu ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa ya Boru, wakuu.

Nikashuka kwenye kreti. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, kwa hivyo nikang'ang'ana. Nikasema basi tuonje bila vitambaa. Shangazi akachukua vikombe, akamimina nyuma ya pazia, akatuletea kila mmoja viwili, cha kulia na cha kushoto.

Mwalimu akasema cha kulia ni Boru bila shaka. Galgalo akaapa wallahi cha kushoto ndicho kina moshi. Mimi nikasema cha kulia ni bora, lakini ndicho cha Qabale, na cha kushoto ni maji maji, lazima ni Boru.

"Vyote ni vya Qabale," shangazi akasema. "Mtungi mmoja."

Galgalo ndiye alianza kucheka. Mwalimu akasafisha koo, akaomba ajaziwe lita yake. Shangazi akauliza mtungi gani.

"Wowote tu, mama. Usinitese."

Jumatatu Qabale alifika mwenyewe, nadhani alishasikia. Shangazi akafungua kile kitambaa cha kijani, akamrudishia mkononi. Qabale akainamisha kichwa.

"Mtungi endelea kuleta," shangazi akamwambia. "Kitambaa utafunga chini ya kitako, na Boru vilevile, mahali naona mimi peke yangu."

Tangu siku hiyo mtungi wake hurudi mtupu.

Nilichojifunza: kujua jina la ugonjwa hakukuponyi. Mimi nilikuwa na majina yote, na nilidanganyika kuliko Mwalimu, kwa sababu yeye hakupanda kreti.

Sasa niambieni ukweli, nyinyi mnanunua nini kwa sababu ya kitambaa? Simu, shule ya watoto, fundi? Na mmewahi kuonja mkiwa mmefumba macho?

Nauliza kwa sababu wiki hii Mwalimu ameanza kusema mtungi ulio karibu na mlango ndio mtamu. Nimemwambia ni upuuzi mtupu.

Lakini nimeuonja, wakuu. Ule wa mlangoni uko na kitu.