Januari Mosi Iliyorudi Nyuma

Siku ile bado ninayo kifuani, mwanangu. (Nina miaka kumi na saba tu, lakini ukirithi kompyuta ya klabu yetu hapa Garissa, wewe ni mwanangu, vumilia.) Mwalimu wa michezo alinipa kazi ya kuandika programu ya kusajili timu ya wasichana. Mimi kuongea mbele ya watu siwezi, nikaona hapa ndipo nitaonekana wa maana.

Kwetu wengi wamezaliwa Januari mosi. Mama wa mtu alijifungua malishoni, miaka ikapita, karani akauliza tarehe, basi ikaandikwa ya kwanza. Programu yangu ilihifadhi kila tarehe pamoja na saa: Januari mosi, saa sita usiku. Lakini seva ilifuata saa ya dunia, ile UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kule bado ni Desemba thelathini na moja, mwaka uliopita. Nilipoijaribu, siku yangu mwenyewe ilitoka tarehe kumi na nne ikawa kumi na tatu. Niliona. Nikasema siku moja si kitu. Astaghfirullah, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uwanjani, msimamizi wa mashindano alisoma orodha yangu akamtoa binamu yangu Fardosa, golikipa wetu, naye ni wa Januari mosi: amezidi umri kwa siku moja. Vyeti tuliviacha shuleni. Na huo ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho kucheza. Alivua glavu, akaniita dada kwa Kisomali, akaniuliza polepole, "Kwani nimezeeka lini, abaayo?"

Tulifungwa manne. Jioni nilirekebisha programu, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nyumbani nilimweleza ayeeyo, nyanya yetu, habari za seva, nikidhani hataelewa. Akanikatiza. Alisema amehama na mifugo toka Liboi mpaka Ijara, na hakuna kisima kilichombadilishia siku aliyozaliwa.

"Mtu anahama. Kuzaliwa hakuhami. Wewe nani alikwambia ukuhamishe?"



Basi sikia, mwanangu. Siku ya kuzaliwa ihifadhi tarehe tupu, bila saa. Saa ya mechi ndiyo uihifadhi kwa UTC, uigeuze iwe ya Nairobi unapomwonyesha mtu, na kompyuta ndiyo igeuze. Usijiongezee saa tatu kwa mkono. Ukiona siku moja imepotea, usinyamaze. Ile siku ni ya mtu.

Mungu akupe jicho la kuona ufa ungali mwembamba, na akuepushe na Fardosa wako, maana wangu kila asubuhi ananiuliza leo ana miaka mingapi.