Salamu Iliyoliwa na Redio ya Baba

Mpaka leo nikienda kuchomwa sindano, kabla hata sindano yenyewe haijanigusa, ile harufu ya pamba yenye spiriti inanirudisha Mkuyuni, barazani kwetu, Ijumaa baada ya sala. Huo ndio wakati Baba alipozungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye kichupa cha spiriti, kisha akafungua mlango wa kanda wa redio yake na kusafisha hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, midomo kaibana, utadhani anamtoa mtoto kibanzi jichoni. Harufu ile ilichanganyika na ya mananasi, maana ulikuwa msimu wake, na yale yaliyoiva kupita kiasi, ambayo wanunuzi wa mjini waliyakataa, yalirundikwa ukutani na kuvuta nyuki. Juu ya bati la banda la kuku betri zilikuwa zimeanikwa tangu asubuhi ili zipate nguvu tena. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza, na niliifanya kwa majivuno makubwa, kwa sababu hakuna mtoto mwingine pale kijijini aliyeruhusiwa kugusa kitu chochote cha ile redio.

Baba yangu, Mzee Athumani, aliuza mananasi na mdalasini, lakini ukimuuliza mtu yeyote njia ya kwetu alikuelekeza kwa Athumani wa redio. Barazani kwake walikutana watu wanaopenda muziki, wachache tu, na walikuwa na taratibu zao. Yeyote aliyepata albamu mpya, awe ameinunua Morogoro mjini au kaletewa kutoka Dar es Salaam, hakuruhusiwa kuionja nyumbani kwake. Aliileta Ijumaa ikiwa bado na nailoni yake, akaichana mbele ya wenzake, na upande wa kwanza ukasikilizwa wote bila mtu kusema neno. Kisha chai ya tangawizi, kisha ubishi, kisha upande wa pili. Akija Kaka Deo, kijana wa Kikatoliki aliyelima mboga huko milimani, na kanda yake ya kwaya, Waislamu wote walitulia mpaka mwisho, naye alitulia vilevile kwa taarabu na dansi. Aliyebainika kuwa ameonja kabla ya wenzake alisutwa kweli kweli. Namkumbuka dereva mmoja wa lori aliyejisahau akaimba kiitikio kabla hakijafika. Walimcheka mpaka akabeba viatu vyake mkononi akaenda zake.

Redio yenyewe ilikuwa nyeusi, kubwa, ya spika mbili. Baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Sauti yake ilifika mpaka gulioni, na ilikuwa na ugonjwa mmoja: ilikula kanda. Haikula kila siku. Ilikaa wiki nyingi na adabu zake, halafu ghafla sauti inalegea, mwimbaji anageuka mlevi, na ukifungua unakuta utepe umejisokota huko ndani. Ilishakula kanda ya kwaya ya Deo, na Baba akasema kosa ni la kanda, eti kanda za siku hizi nyepesi. Mama alimwambia aipeleke kwa fundi mjini. Baba akajibu kwamba mafundi wa mjini ukiwapa redio nzima wanakurudishia ganda. Ukweli ni kwamba aliona aibu kuonekana kaibeba redio begani anaipeleka kwa fundi, yeye, Athumani wa redio. Mama alilijua hilo, nami nililijua, na wote wawili tulinyamaza.

Jirani yetu Bi Tausi alikuwa mjane muuza vitumbua, na mtoto alikuwa na mmoja tu, Salehe. Huyo Salehe alijifunza kupenda muziki palepale barazani kwetu, kisha akaenda Dar es Salaam akapata nafasi ya kuimba kwenye bendi. Msimu ule wa mananasi bendi yao ilitoa albamu yake ya kwanza, ambayo ilikuja kuwa ya mwisho pia. Salehe alimpa utingo wa lori kanda moja amletee mama yake, na ujumbe kwamba asikilize upande wa pili, wimbo wa mwisho, kuna mahali ametajwa. Wakati ule kutajwa kwenye wimbo halikuwa jambo dogo. Waimbaji walitaja wenye mabasi, walitaja wenye baa, na sasa atajwe muuza vitumbua wa Mkuyuni! Bi Tausi alikaa na kanda yake kwenye mkoba mpaka Ijumaa ikafika, na hakumwomba mtu ampigie hata wimbo mmoja. Utaratibu ni utaratibu. Siku hiyo Deo alikuja na kiredio chake kidogo, akamwambia Baba kwa adabu kwamba leo watumie hicho, maana hakina matatizo. Baba akacheka, akauliza albamu ya Dar itasikika vipi kwenye kiberiti kile.

Watu walikuja wengi kuliko kawaida, wengine wamesimama uani. Bi Tausi alivaa doti mpya ya kanga, akaketi karibu kabisa na redio, akachana nailoni kwa meno. Upande wa kwanza ulipita salama, nikamwona Mama anashusha pumzi. Chai ikanywewa harakaharaka, upande wa pili ukaanza, na hatimaye ukafika wimbo wa mwisho. Magitaa yakapoa, yakabaki yanazungukazunguka mahali pamoja, tukasikia sauti ya Salehe, ambayo kila mtu aliijua, ikianza kutoa salamu. Akataja jina la kwanza, la mwenye basi. Akataja la pili. Bi Tausi akainua mkono kutunyamazisha ilhali tulikuwa kimya tayari. Hapo sauti ikalegea. Salehe akawa anaongea kama mtu aliyelala, kisha ikabaki ngurumo, kisha kimya, na ndani ya redio kitu kikawa kinatafuna. Baba aliruka kubonyeza kitufe. Utepe ulitoka umekunjamana, na alipouvuta ukakatika. Alibaki ameshika zile ncha mbili, jasho linamtiririka mbele ya wageni wake wote. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiumbuka namna ile, na mtu mwenyewe alikuwa baba yangu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na zile betri zangu.

Bi Tausi akauliza, taratibu kabisa, "Athumani, ameshanitaja au bado?"

Deo ndiye aliyeuchukua ule utepe, akakata kwa wembe sehemu iliyotafunwa, akaunga kwa selotepu. Kanda ikacheza, lakini tangu siku ile iliruka: jina la pili likiisha tu, unakutana na tarumbeta. Baba akaanza kutafuta nyingine. Kila alipopeleka mananasi mjini alizunguka maduka ya kanda kutoka stendi mpaka sokoni akitaja jina la bendi, na vijana wauzaji walimwambia hawajawahi kuisikia. Alikwenda hata Kingolwira kwa bwana mmoja aliyesifika kuwa na kanda za kila aina. Alirudi jioni, akaweka kikapu chini, akanawa miguu; kanda hakuipata. Salehe aliandikiwa barua, hakujibu. Baadaye tukasikia bendi imevunjika naye amevuka mpaka kwenda kusini kutafuta maisha, na habari zake zikakatikia hapo mpaka leo. Redio kubwa ikafunikwa kitambaa, Ijumaa zikaendelea kwa kiredio cha Deo. Hakuna aliyemlaumu Baba hata kwa utani, na nadhani hilo ndilo lililommaliza.

Bi Tausi alitaka kanda yake ipigwe kila Ijumaa. Ikifika pale pa kuruka Deo aliisimamisha kidogo, na Bi Tausi akajaza mwenyewe, kwa sauti nene ya kumwigiza mwanawe: "Na mama yangu mzazi, Tausi binti Kibwana, uliyebaki Mkuyuni. Shikamoo mama. Nakuja." Watu walipiga makofi, Deo akaachia tarumbeta. Kadiri Ijumaa zilivyopita salamu ilizidi kunenepa. Vikaingia vitumbua, ikaingia surua aliyougua Salehe utotoni, ikaingia nyumba atakayomjengea mama yake. Ilikuwa salamu nzuri, hata mimi niliijua kwa moyo. Baba hakuwahi kuketi kuisikiliza. Magitaa yakianza tu kupoa, yeye anainuka, anasema anakwenda kuwaangalia kuku. Kila Ijumaa, kuku. Wenzangu shuleni wakawa wananiuliza hao kuku wetu wanaumwa ugonjwa gani usiopona. Nilimwonea aibu Baba, halafu nikajionea aibu mwenyewe kwa kumwonea yeye aibu, na sikuwa na mtu wa kumweleza. Niliacha kugeuza betri, nikasingizia masomo.

Sasa naishi Morogoro mjini, na Baba naishi naye, maana Mama ameshatangulia mbele ya haki. Nimo kwenye kundi la simuni la watu wanaotumiana albamu walizozigundua. Huko albamu zinamwagika mchana kutwa. Mtu anatupia albamu nzima, anasema mtakuja kunishukuru, na kabla hujaifungua ameshatupia nyingine. Sina hakika kama yuko anayesikiliza kitu mle ndani. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja nisiyemjua hata sura alitupia albamu ya zamani aliyoiokota sijui wapi, nikatazama jalada, nikamwona Salehe, wa mwisho kulia, na shati la maua. Mimi kiherehere changu hakina dawa. Sikusikiliza hata wimbo mmoja. Nilimpigia papo hapo Hadija, binti anayemtunza Bi Tausi huko Mkuyuni, nikamwambia salamu ya bibi imepatikana, tena nzima, na Ijumaa tunaileta. Nikasikia Hadija anamweleza, kisha nikasikia kigelegele cha kikongwe.

Ndipo nikampelekea Baba simu sebuleni. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza akaiangalia nyuma.

"Na hii haili?" akauliza.

Nikamwambia haili, tukasikiliza. Salehe akamtaja mwenye basi, akamtaja wa pili, akaendelea na mwenye baa, na mfanyabiashara wa mbao, na bwana mwingine na ndugu zake wote kwa majina, kisha kwa haraka, kama mtu anayekumbuka akiwa mlangoni, akasema, na mama, kule Moro. Tarumbeta zikaingia. Tulingoja, pengine atarudia. Baba akaniuliza kama ni hiyo tu, nikamwambia ni hiyo tu. Nilidhani atapumua, kwamba miaka yote ile ameteseka kwa ajili ya kitu kisichojaza hata pumzi moja. Badala yake uso ulimshuka.

"Usimpelekee, Mwanaidi."

Nilimwambia nimeshasema. Hakunigombeza, alinirudishia simu, na hapo ndipo nilipoelewa alivyojisikia siku ile barazani, ameshika zile ncha mbili za utepe.

Ijumaa tulikwenda. Bi Tausi alikuwa ameketi kitandani na kanga mpya, chumba kinanukia udi, majirani wamejaa mpaka mlangoni, na Deo naye kateremka kutoka milimani, kichwa kizima mvi. Nilimwamkia bibi, akaniitikia huku akiitafuta simu kwa macho yake yenye ukungu. Nikataka kuiweka sikioni kwake, akakataa, akasema iwekwe mezani wasikie wote. Wala hakutaka kuambiwa lolote kabla. Tukauanza wimbo wa mwisho, watu kimya. Magitaa yalipopoa Baba akainuka, miguu yenyewe imeshazoea, akaenda mpaka mlangoni, na kuku hawakuwepo. Salehe akataja jina la kwanza. Akataja la pili. Hapohapo, pale palipozoea kuruka, Bi Tausi akaingia na sauti yake nene, na mama yangu mzazi, Tausi binti Kibwana, uliyebaki Mkuyuni, akaitoa yote, na vitumbua, na surua, na nyumba. Sauti yake ilimfunika mwenye baa, ikamfunika muuza mbao, ikamfunika mwanawe, na alipomaliza tarumbeta zilikuwa zimeshaingia. Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Kisha akashtuka, akajiziba mdomo.

"Jamani, nimempita. Kasemaje?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Simu hizi zinarudisha nyuma kwa kuguswa tu, hazihitaji kalamu ya kuzungushia kanda wala betri za kuanikwa, na chochote ulichokipita unakipata kama kilivyo. Redio ya Baba ilikula kipande cha utepe ikamwachia mama wa watu nafasi ya kusalimiwa atakavyo. Mimi nilikuwa nimetoka mjini na simu ya bei mbaya kuja kumnyang'anya. Aibu ilinijaa mpaka masikio yakawa ya moto, nikashindwa kumtazama usoni.

Baba ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Kasema hivyohivyo unavyosema wewe, dada. Neno kwa neno."

Bi Tausi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawaambia watu si niliwaambia. Kisha akaniamuru nirudishe, asikie vizuri. Nikamtazama Baba. Alirudi ndani, akaketi mkekani karibu na meza, mahali pake pa zamani pa kukaa na redio. Nikarudisha. Magitaa yakapoa, jina la kwanza likapita, la pili likapita, na kabla Bi Tausi hajafungua mdomo Baba alikuwa ameshaanza kuitoa ile salamu kwa sauti yake yote, na kumbe aliijua mpaka mwisho. Deo akadakia, majirani wakadakia, Bi Tausi akacheka akadakia naye, na mimi nikapaza sauti kuliko mtu yeyote mle ndani, macho yangu nimeyainamisha chini, mpaka tarumbeta zilipoingia.