Karanga Nyekundu za Aroi

Anayetaka kujua kama nimefanikiwa, aende mtaa wa Oli, mjini Arua, aulize nyumba yenye geti la bluu. Niliondoka Arua nikiwa mbeba mizigo sokoni. Juba nilifanya kazi ghalani mchana na kusoma jioni, nikirudi chumbani mikono imechubuka, na nikarudi nyumbani na diploma ya ugavi ambayo hakuna mjomba aliyenilipia. Kwa hiyo mvua ya mawe ilipobomoa nyumba na kusaga mashamba ya kijiji cha Aroi, na shirika moja likatafuta mtu wa kusimamia chakula cha msaada kutoka ghala la Koboko, sikushangaa waliponichagua.

Mpango niliuandika mwenyewe: chakula kwanza, mbegu baadaye. Mtu mwenye njaa humpi mbegu ya karanga ukategemea aifukie ardhini. Tena mbegu zetu zilipakwa dawa nyekundu ya kuzuia ukungu na wadudu, na hazikufaa kuliwa hata zikioshwa kutwa. Zilipofika Aroi niliagiza zifungiwe kanisani, tungojee lori la chakula. Lori hilo, likiwa bado njiani kuja ghalani kutoka kusini, likakwama upande wa Pakwach, barabara imekatwa na maji.

Asubuhi moja, nikiwa Koboko, katekista wa kanisa hilo alinipigia simu. Mvua nzuri ilikuwa imenyesha, watu wakataka kupanda, wazee wakafungua kanisa na mbegu zote zikagawiwa jana yake.

“Waliambiwa haziliwi?”

“Waliambiwa. Lakini iko mutu alikuja mwenyewe, iko mutu alituma jirani.”

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mdogo, anayekaa Aroi. Jioni iliyopita nilikuwa nimemwambia kwa simu, na kwa majivuno, kwamba mimi, mkubwa wa chakula, nitapita kwake kesho mchana. Kwetu, mtoto wa nyumba akisema anakuja, hakuti meko baridi. Mama huyu ndiye aliyenilea baada ya dada yake kufariki. Shamba lake lilikuwa limebaki vijiti. Angenipikia nini?

Nilimpigia, simu haikupatikana. Nikapanda pikipiki. Njia nzima kutoka Koboko nilikuwa nikitazama moshi uliopanda kwenye nyumba za watu, na kila moshi niliuona kama wake.

Nilimkuta mbele ya kibanda cha turubai. Majirani walikuwa wamekuja kumsikiliza mtu wa chakula. Sahani ilikuwa tayari: ugali wa muhogo, unga wenyewe aliuomba kwa jirani, na mchuzi wa karanga. Pembeni mwa sahani mafuta yalikuwa na wekundu kidogo. Watoto walikaa mbali wakingoja, maana mgeni hula kwanza. Basi hakuna aliyekuwa amekula. Nikashusha pumzi, halafu nikaona taabu nyingine.

Kwetu huku, ukikataa chakula cha mtu umemwambia neno moja tu, kwamba unamshuku ana sumu. Kuna wanawake waliohamishwa vijijini kwa mnong'ono kama huo. Mama mdogo ni mjane, hana mtoto wa kiume pale wa kumtetea. Neno likinitoka vibaya, kesho mimi nitakuwa Oli ndani ya geti langu, na yeye atabaki nalo.

“Mutu ya geti ya bluu,” mzee jirani akasema alipoona nimekaa bila kugusa sahani, “chakula ya turubai hapana pita kwa shingo?”

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

“Mama, hii karanga ni ile ya kanisani?”

“Ni hiyo. Nimeosha na majivu mpaka rangi yote imetoka. Mimi iko najua kuosha.”

Nikatazama pale alipomwaga maji ya kuoshea. Kuku wake mmoja alilala ubavu, bawa limefunguka, mguu ukitetemeka. Nikainuka, nikamchukua, nikamweka katikati ya watu.

“Mama yangu hana kosa,” nikasema. “Ubaya umetoka kiwandani, uko ndani ya mbegu, na sisi ndio tuliozileta hapa. Mwenye chungu motoni akamwage shimoni, kuku wasifike.”

Mzee ndiye aliyeondoka wa kwanza, fimbo mkononi, na hakuaga. Wanawake wakamfuata mbio kuelekea mekoni kwao.

“Na wewe umeonja?” nikamuuliza mama.

“Chumvi tu.”

“Kiasi gani?”

“Mwanangu, chumvi iko naonjwa kiasi gani?”

Nilimpakia kwenye pikipiki nikampeleka kituo cha afya Manibe. Muuguzi alimpima, akampa maji, akatuambia tukae aangaliwe. Nilimtazama midomo, nikamtazama vidole. Akijifuta jasho, namwita muuguzi. Akipiga miayo, namwita tena, mpaka muuguzi akaniambia nikikaa kimya mama atapumzika vizuri zaidi. Maghala nimeyaendesha na hesabu zangu hazijawahi kupotea. Pale kwenye benchi sikuwa na la kufanya ila kungoja.

“Umeacha chakula yangu mbele ya watu,” mama akasema.

“Lakini umesikia nilivyosema.”

“Nimesikia. Hata wao wamesikia. Sasa waone unakula.”

Jua likishuka tuliruhusiwa. Nilizunguka nyumba hadi nyumba na katekista, na hakuna aliyekuwa ameugua. Hata hivyo sikulala vizuri mpaka lori lilipofika. Ugawaji niliusimamia mwenyewe, hakuna gunia lililopotea njia, na hilo nalisema popote.

Siku moja baada ya ugawaji nilirudi kwa mama wakati watu wanatoka shambani. Nilikaa uwanjani, si ndani ya turubai. Kuni zilikuwa mbichi na maharage yalikuwa bado magumu, lakini nilikula nikaomba nyongeza.

“Leo shingo imefunguka,” mzee akasema.

Mama alisimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Nilipogeuka kumrudishia sahani, hakuwa akinitazama mimi. Aliwatazama majirani, mmoja baada ya mwingine.