Jirani Alizima Muziki, Sasa Naogopa Kimya Chake

Admin, tafadhali ficha jina langu na la estate yetu, maana hapa Eldoret tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, muuguzi, nina watoto wawili. Kwetu ni Western lakini mji huu nimeishi tangu nikiwa msichana, na mimi na mume wangu tulijenga nyumba yetu wenyewe karibu na Elgon View. Mume anafanya kazi Kisumu, anakuja wikendi moja moja. Kwa hivyo mara nyingi niko peke yangu na watoto.

Shida ilianza na jirani tunayepakana naye. Nitamwita Mzee Kibet, si jina lake. Ana shamba kubwa upande wa Timboroa na estate nzima inamsikiliza. Lakini jamani, huyo mtu na spika! Kila Jumamosi na Jumapili mchana anachoma nyama na wageni wake, spika zimeelekezwa kwangu mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mimi nikitoka shifti nataka kulala, kichwa kinataka kupasuka. Nilimwomba kwa upole, akacheka. "Mama, hapa si hospitali."

Nikapeleka malalamiko kwa chama cha wakazi. Kanuni yetu inasema jina la mlalamishi linabaki na mwenyekiti. Siku ya mkutano, Mzee Kibet akiwa ameketi pale pale, mwenyekiti akasimama na kusema, "Sister wetu hapa ako na issue na jirani yake." Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyeniunga mkono, hata wale waliokuwa wakininong'onezea kwamba wamechoka na hizo kelele.

Wiki iliyofuata Mzee Kibet alikuja kwangu mchana na wazee wawili wa estate, wamebeba maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Kwa watu wa hapa, mkikosana halafu mkanywa maziwa hayo pamoja, maneno yamekwisha. Nalijua hilo vizuri. Lakini siku hiyo nilikuwa nimefunga na kanisa letu, na tumefundishwa kwamba kufunga si jambo la kutangaza. Basi nikapokea kibuyu kwa mikono miwili, nikakiweka mezani, nikasema, "Asanteni sana wazee, nitakunywa baadaye."

Wakaangaliana. Mzee Kibet akauliza polepole, "Baadaye lini?"

Nikababaika, nikasema kesho. Akainuka, akachukua kibuyu chake. "Sawa, Mama. Tumeelewa." Wakatoka bila hata kumaliza chai niliyowapikia. Si ningefungua tu mdomo niseme nimefunga! Nilijifanya mtakatifu, kumbe najichimbia shimo.

Tangu siku hiyo hakuna muziki. Wageni bado wanakuja, magari yanajaa, lakini wanaongea chini chini, na nikitoka kuanika nguo wananyamaza wote. Wananitazama mpaka nirudi ndani. Grupu ya WhatsApp ya estate haina ujumbe tena, na nimekuja kujua walifungua nyingine bila mimi. Watoto wangu hawaitwi kucheza. Na mnaujua mji huu wenyewe: kura zikikaribia, mtu ambaye kwao ni kwingine huanza kulala na wasiwasi wa kufukuzwa nyumbani kwake.

Nilimwambia mume wangu kwa simu. Akanijibu, "Si ulitaka kimya? Umekipata. Title deed iko na majina yetu, nani atatutoa?"

Juzi askari wa geti, mzee ambaye tumesalimiana miaka yote hii, alinisimamisha. "Mama, shule zikifunga, peleka watoto kwa nyanya yao. Wakae huko kidogo."

Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia upande wa kina Mzee Kibet, kisha akasema, "Mimi nimesema tu," akaenda kufungulia gari. Sasa nikipita getini anajifanya ana shughuli.

Lakini Jumamosi iliyopita ndiyo imenimaliza. Nilikuwa naosha vyombo, dirisha liko wazi. Mzee Kibet akaja kusimama kwenye ua unaotutenganisha, na kijana wake anayekaribia kuoa, pamoja na mchumba wa huyo kijana. Walinisalimia vizuri sana, wakitabasamu. Kisha yule binti akanyoosha kidole kuelekea dirisha nilipokuwa nimesimama, akauliza, "Na hapo ndio kitchen?"

Mzee akamjibu, "Ndio hapo. Ni kubwa, utaipenda."

Wapendwa, sisi hatujawahi kumwambia mtu yeyote kwamba tunauza nyumba.

Mume anasema nikiondoka nitakuwa nimewaachia kila kitu. Mimi nawaangalia wanangu, nafungasha nguo zao, kisha nazirudisha kabatini. Naombeni msinitukane, niambieni ukweli kama dada yenu: nibaki nyumbani kwangu, ama niwatoe watoto hapa kabla shule hazijafunga?