Kuanguka Mbele ya Watu wa Mnada

Mtu akipita kwa miguu, wasiomjua humsalimia wakaendelea na shughuli zao. Akipita juu ya gurudumu moja, kila mtu anakuwa na la kusema. Mimi nimepanda baiskeli ya gurudumu moja tangu ujana wangu, na sasa ni mzee wa wajukuu, kwa hiyo nimesikia mengi. Vijana wa bodaboda pale njia panda ya Nkololo huniuliza ile nusu nyingine nimeiweka rehani wapi. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri gari alinionyesha kwa mwanawe, akamwambia ukikataa shule utaishia vile. Hapo hakukosea sana, maana shule niliachia darasa la tatu. Mwingine, mtu mzima kabisa na kofia yake, alichomeka fimbo kwenye spoku nikiwa mwendoni, aone nitashukaje. Nilishuka kwa mdomo. Watu walicheka, naye akaliokota jino langu akaniwekea mkononi kama mtu anayerudisha chenji.

Ngoja kwanza nieleze gurudumu lenyewe nililipata wapi, maana wengi hudhani nimerukwa na akili. Huku kwetu pamba ikishauzwa kuna mashindano ya ngoma. Kundi la Bagika linasimama upande huu, Bagalu upande ule, wote wanapiga kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo kila kundi linatafuta kioja. Wengine walileta chatu, wengine fisi wa kufungwa kamba. Mwaka mmoja Bagalu walileta mtu anayekula ugali akiwa amesimama kwa kichwa, na sisi Bagika tukabaki na mbwa. Ndipo nikaenda kwa mchomeleaji na baiskeli iliyokuwa imekanyagwa na ng'ombe. Akatoa gurudumu la nyuma, akachomelea pedali hapo hapo katikati yake, bila mnyororo, na bomba la kushika siti juu. Nilijifunzia shambani, kwenye udongo uliolimwa, ili nikianguka nisivunjike. Msimu uliofuata tuliwabeba watu wote. Mke wangu nilimpata siku hiyo. Aliniambia ninafanana na kuku aliyepanda chungu, nikajua huyu ataweza kukaa na mimi.

Ujana ukaisha, magoti yakaharibika. Ajabu ni kwamba nikitembea yananiuma, nikikanyaga pedali hayaumi. Basi siku za mnada mke wangu alikuwa anatangulia na beseni lake la michembe, viazi tunavyokata na kukausha juani, nami nafuata juu ya gurudumu langu huku nikitukanwa njia nzima. Nilishazoea.

Sasa siku moja mnadani kulikuwa na mtu mgeni, alileta ng'ombe kutoka upande wa Mwamapalala. Mrefu, fimbo yake ameiweka begani. Wenzake walikuwa wanacheka nilivyozunguka zizi, yeye hakucheka. Alinitazama mpaka nikashuka, akanisalimia vizuri, mwadila guku, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mzee wa umri huu hasimami juu ya kitu kimoja bila kushikwa. Mke wako yupo?"

Nikasema yupo.

"Macho yake yakoje?"

Kicheko kiliisha pale pale, kama mtu amefunga redio.

Wewe unayesoma, kama si wa huku, nikuambie. Kuni zimekwisha, tunapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mwanamke akiinamia moshi huo maisha yake yote, macho yanakuwa mekundu. Kila bibi wa hapa anayo. Lakini ng'ombe wa mtu akifa, au mtoto, watu husahau moshi. Husema macho mekundu ni ya mchawi, na mchawi anapanda fisi, na fisi huyo haanguki wala haangushi. Mama yangu mdogo alikuwa na macho kama ya mke wangu. Kwake pia walianza kwa kuuliza. Tulimzika bila kufungua sanda, na juu ya hilo sitaongeza neno.

Tangu siku ile njia ikawa kimya. Vijana wa bodaboda waliniona wakasogeza pikipiki zao pembeni, tena kwa heshima. Akina mama waliwavuta watoto nyuma ya kanga zao. Hakuna aliyeniuliza nusu nyingine. Nilikuwa nimetukanwa miaka yote nikidhani hakuna kibaya zaidi, kumbe kipo. Mke wangu akirudi na beseni limejaa kama lilivyotoka, tunakula michembe asubuhi na jioni. Jirani yetu mmoja alifiwa na ndama. Alikuja kutuambia, akasimama uwanjani, akakataa kiti.

Nilichukua shoka nikaenda kulivunja gurudumu. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta.

"Ukilivunja watasema tumelificha," alisema. "Uanguke."

Nikamuuliza nianguke vipi.

"Mbele yao. Mwenye dawa haanguki, baba. Uanguke vibaya, na usiinuke upesi."

Mnada uliofuata nikaenda. Yule mrefu wa Mwamapalala alikuwepo, ameegemea zizi na fimbo yake. Nikazunguka, nikafika pale kwenye birika ng'ombe wanaponyweshewa, nikajiachia. Niliingia kwenye tope na mkojo wa ng'ombe mpaka masikioni. Nikalala hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka. Nasema ukweli, nimekaa kwenye matanga yenye kelele kuliko pale. Nikawaza kwamba nimetumaliza sote wawili.

Ndipo nikasikia kicheko kimoja, chembamba, kutoka upande wa michembe. Mke wangu alikuwa ameshika kiuno. Akawaambia waliokuwa karibu kwamba mwoneni mzee wangu, nilimkataza, anajiona bado yuko ngomani, hata chooni siku hizi anashika ukuta. Mmoja akacheka, na wa pili, kisha mnada mzima. Mtu akanitupia gunzi la hindi. Yule mrefu alikuja, akanisukuma ubavuni kwa fimbo kama anavyopima ng'ombe, akasema:

"Kumbe ni mjinga tu."

Sijawahi kupewa jina zuri kama hilo. Siku ile michembe ilinunuliwa, na jioni jirani alikuja akakalia kiti.

Lakini mnada huleta wageni wapya kila mara, na wageni wapya hawajaniona nikianguka. Kwa hiyo ikawa kazi. Kila mnada lazima nianguke, na mke wangu lazima aanze kucheka, kwa sababu watu hupenda kuona mwenye mtu akicheka kwanza. Tulianguka hivyo msimu mzima, nasema tulianguka kwa kuwa yeye alikuwa anafika nyumbani amechoka kuliko mimi. Watu walizoea, wakaanza kudai. Nikichelewa, walikuwa wananiambia babu acha maringo, anguka tukauze ng'ombe. Kijana mmoja aliona ninakawia akanisukuma mwenyewe.

Ndivyo ilivyotokea. Kuanguka kwa kupanga unachagua mahali, kuanguka kwa kusukumwa huchagui. Nilitua kwenye mawe ya lile birika la ng'ombe, mkono chini yangu, nikausikia unakatika kama bua. Nilitaka kumwambia mke wangu kwamba leo ni kweli, lakini hatukuwa tumepanga ishara ya hilo. Nikainua kichwa, nikaona mkono umekunjwa pasipo na kiungo, na nyuma ya miguu ya watu nikamwona yeye.

Alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka mpaka ameinama juu ya beseni, machozi yanamwagika kwenye michembe. Mama mmoja mgeni, sijui wa wapi, aliyekuwa anachagua viazi, alimshika bega akawaambia wenzake:

"Mayu huyu jamani, mama wa watu, amecheka mpaka macho yamekuwa mekundu."

Na wote walimtazama machoni, mchana kweupe, wakacheka naye, wakanunua michembe zaidi.

Nilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mke wangu alitembea pembeni, beseni tupu kichwani na gurudumu mkononi, akilisukuma. Tukawapita watu wa mwisho. Hapo nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua kabla hujafika chini," alisema.

"Ukaendelea kucheka."

"Yule mrefu wa Mwamapalala alikuwa ananiangalia, baba."

Nikamwambia alifanya vema. Akaendelea kulisukuma lile gurudumu. Mkono huo wa kulia umeunga vibaya, siwezi kunyoosha vidole, na anayeuona hunitania. Mnada ujao anataka nianguke upande wa kushoto.