Mtoto Aliyetaka Kuachwa Peke Yake Subukia

Sababu ya kuondoka nitaisema wazi, maana wasafiri wengi hujifanya kwamba waliitwa na milima. Mimi sikuitwa na mlima wowote. Binti yangu Mercy, mtoto wangu wa pekee, yuko shule ya bweni tangu Januari, na likizo ya Agosti ilipofika alinipigia simu kusema ataimalizia Nakuru kwa baba yake, ambako kuna mke mwingine na wadogo wawili wenye kelele. "Mum, usikasirike," alisema. "Huko kwetu kumenyamaza sana." Sikukasirika. Niliumia tu. Nilikuwa nimeshamnunulia shuka mpya. Niliona kwamba nikibaki Njoro peke yangu nitaanza kupiga gumzo na kuku, kwa hiyo mwalimu mwenzangu aliponiambia kambi moja ya watoto kule Subukia imepungukiwa na walezi, nilikubali kabla hajamaliza kueleza kazi yenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Nakuru, ambako lori la kambi lilikuwa likipakia mahema, kamba na magunia ya kabichi. Dereva alinipa kiti cha mbele kwa heshima ya umri, na heshima hiyo ikaninyima raha yote, kwa kuwa walezi wengine, vijana wanane wa rika la wanafunzi wangu wa zamani, walipanda nyuma pamoja na mizigo wakaimba hadi Bahati. Mimi na dereva tulisafiri na "eeh" yake na "aah" yake. Baada ya Bahati barabara inateremka kwa kona ndefu, na bonde la Subukia linaonekana lote kwa mara moja: mahindi, kahawa, ng'ombe wa maziwa, mabati yenye unyevu wa mvua ya jana. Nilitamani kumwonyesha mtu. Nilitoa simu, nikakumbuka kwamba nimeshampigia Mercy mara mbili tangu nilipoamka, nikairudisha mfukoni.

Saa tano tulifika kambini. Ni shamba la familia moja, pale bonde linapoishia na msitu unapoanza, lenye banda la kulia chakula, mahema yaliyopangwa kwenye nyasi, na mto mwembamba wa maji baridi. Mkuu wa walezi ni kijana wa miaka ishirini na minne anayeitwa Kiprono, anayesoma chuo, mrefu na mpole, ambaye havui filimbi shingoni hata akinywa chai.

"Karibu sana, mathe," alisema, akiniita mama kwa lugha ya vijana. "Umewahi kushuka mwamba na kamba?"

"Hata ngazi ya kupanda dari sijawahi."

"Poa. Basi sisi tutashika kamba. Wewe tutakupea mto na solo."

Solo ni jambo ambalo kambi hiyo inajivunia kuliko miamba yake yote. Mtoto hupelekwa msituni akakaa chini ya mti kwa saa nzima, peke yake, na maji, daftari na filimbi. Mlezi hujificha karibu, pale anapoweza kumwona mtoto lakini mtoto asimwone. Mtoto akipuliza filimbi, mlezi hutoka na solo imeisha. Asipopuliza, jioni huandika jina lake kwa rangi kwenye ubao mkubwa ulio bandani. "Rule ni moja," alisema Kiprono. "Kama hakuna hatari na hajapuliza, wewe hauko." Nilicheka. Baada ya miaka ishirini na miwili darasani, kutokuwepo ndiyo kazi ambayo sikuwahi kufundishwa.

Jumatatu watoto waliletwa na basi kutoka Nakuru, arobaini na ushei, na kwa siku mbili sikupata nafasi ya kujihurumia. Upweke ulinirudia saa za chakula cha jioni. Vijana wenzangu walikuwa na mambo yao, wakitaniana kwa Sheng ya kasi, na kila nilipoketi karibu walinyooka na kuanza kuniuliza kuhusu magoti yangu. Walikuwa na adabu kupita kiasi. Nilianza kula haraka na kwenda kuosha sahani ambazo hazikuwa zamu yangu.

Jumatano asubuhi, mtoni, nilimjua Makena. Ana miaka kumi na mmoja, anatoka mtaa wa Milimani, Nakuru, na alivuka kwa kamba akiwa ameuma ulimi kwa bidii. Mvulana mmoja alipomnyooshea mkono alimpiga kofi dogo la vidole. Alipofika ng'ambo aliketi kando yangu akakamua soksi.

"Auntie Nekesa, ni wewe utakuwa na mimi kwa solo?"

"Ni mimi."

"Mwaka jana nilipuliza. Hata dakika kumi hazikuwa zimeisha." Alikamua soksi ya pili. "This year sipulizi. Nilimwambia mum nataka kurudi juu ya hiyo tu. Kila mtu hunifanyia vitu hata kabla sijaanza."

Nilimwambia ataweza. Nilifurahi kwamba kuna mtu kambini aliyenichagua mimi kumwambia jambo, na furaha hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyostahili.

Alhamisi saa nane mchana nilimwacha chini ya mtarakwa mkubwa, nikazunguka na kujificha nyuma ya kichaka, hatua thelathini hivi kutoka kwake. Nusu saa ya kwanza alichora. Mbega walipita matawini, akawatazama mdomo wazi. Kisha aliweka penseli chini, akakumbatia magoti, akaanza kulia. Alilia polepole, bila sauti, filimbi ikiwa mkononi, na hakuipeleka mdomoni. Niliangalia saa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nne. Hapakuwa na nyoka wala mvua. Nilikumbuka kila neno aliloniambia mtoni, na bado nilitoka kichakani.

Nilipiga magoti nikamkumbatia, nikasema yale yote ambayo mama husema. Nitakiri jambo la aibu: niliona raha. Tangu Januari hakuna mtoto aliyekuwa ameweka kichwa begani mwangu. Ilinichukua muda kutambua kwamba Makena hakuwa amenikumbatia. Alikuwa akisubiri nimalize.

"Sikupuliza," alisema.

"Najua, mwanangu. Lakini ulikuwa unalia."

"Si nilikuwa tu nalia! Ningemaliza!" Alinisukuma, akaokota daftari lake. "Sasa nitaandikaje jina? Nitawaambia Auntie ndiye alikuja?"

Saa kumi na moja watoto walijipanga mbele ya ubao wakiwa na brashi, na Makena aliketi nyuma kabisa akichuna nyasi. Nilimwendea Kiprono.

"Mtoto wako alipuliza?" aliuliza, kwa sababu ndivyo walivyosema watoto wengine.

"Hakupuliza. Nilimkatiza mimi."

"Kulikuwa na hatari?"

"Hapana."

"Sasa mathe, ulikuwa unaenda kufanya nini?"

Hakuuliza kwa hasira, ndiyo maana swali lilinichoma. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa mpweke na mtoto alikuwa karibu. Kijana yule alitazama chini kama anayetafuta kitu alichoangusha. Nikaomba Makena apewe saa nyingine kesho yake alfajiri, kabla ya basi la kurudi Nakuru. Akakubali. Kisha nilienda kwa Makena, nikamwomba msamaha mbele ya marafiki zake, nikamweleza mpango. Aliacha kuchuna nyasi.

"Sawa," alisema. "Lakini usikuwe wewe."

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Makena na Kiprono walipotea kwenye ukungu wa msitu. Mimi nilienda jikoni kumenya viazi na wapishi. Sijawahi kupitisha saa ndefu kama ile. Mara mbili nilisikia filimbi nikasimama, na mara mbili alikuwa ndege. Mpishi aliniambia niketi kabla sijajikata. Nilifikiri, labda sasa analia. Labda sasa amenyamaza. Sikuwa na njia ya kujua, na hiyo ndiyo ilikuwa haki yake.

Walirudi jua likiwa limeshatoka. Makena alipita karibu na jikoni bila kugeuka, akaenda moja kwa moja bandani, akaandika jina lake kwa herufi kubwa kiasi kwamba A ya mwisho ilikosa nafasi ikashuka chini. Nilitamani sana kwenda kumpongeza. Nilichukua kiazi kingine.

Saa saba mchana basi lilisimama Milimani, ambako wazazi walikuwa wakingoja kwenye uwanja wa kanisa. Mama yake Makena alinishika mkono kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu. Huyu hawezi kukaa peke yake kabisa. Ni nani alikaa naye huko msituni?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hakuna? Saa nzima?" Uso wake ulibadilika. Nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua anahisi nini. "Na hukulia?" alimuuliza bintiye.

"Nililia," alisema Makena, akiingiza begi garini mwenyewe. "Halafu nikamaliza."

Nilisimama pale hadi magari yote yakaondoka. Mkiniuliza nilichojifunza, ni kwamba upweke wangu ni mzigo wangu, na nilikuwa nimewabebesha watoto. Kutoka uwanja ule hadi nyumba ya baba yake Mercy ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Lango lao ni la bluu. Ningegonga, Mercy angetoka, na kwa adabu yake angefunga begi turudi wote. Nilishika njia ya Njoro. Nililia hadi nyumbani, na sikumpigia mtu simu.