Ala ya Udongo Tanurini

Mke wangu alicheka kwa sauti kubwa, alijisifu bila haya, na alinishinda hesabu tangu tulipokuwa darasa moja kule Nuu. Hayo yote nilimsamehe, nikamwoa. Kilichonishinda kumsamehe ni bomba la udongo lenye urefu wa mkono wangu.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa vipimo kwenye tanuri la chokaa, nje kidogo ya Mutomo. Tulichoma mawe. Moto ukipungua, jiwe linabaki bichi katikati. Ukizidi, chokaa inakufa, unaimwagia maji na haichemki. Tajiri wetu, mzee Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani akaja Kitui kufanya biashara, alikuwa amechoka kubahatisha kwa kutazama rangi ya moto. Siku moja aliniita.

"Fundi, nitafutie kitu cha kuniambia joto la huko ndani ni kiasi gani. Ukiweza, matanuri yote ya huku yatakujua wewe."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nilitaka kujulikana, na sioni aibu kusema hivyo.

Namna ya kupima niliijua. Unachukua nyaya mbili za metali tofauti, unaziunganisha ncha, unaitia ncha hiyo motoni. Joto linaamsha umeme mdogo sana, unaotembea kwenye nyaya hadi kwenye mita, na mshale unasogea. Shida ilikuwa kuzivalisha. Nyaya zikiwa uchi ziliharibiwa na moshi na vumbi la chokaa. Nilizitia ndani ya bomba la chuma, likatoka magamba mpaka likatoboka. Nikaagiza mabomba ya kauri Nairobi, yakapasuka mara tu yalipoingia kwenye moto. Wachomaji walikiita kifaa changu mkuki, na kila kilipoharibika walinipa pole huku wakificha meno.

Ndipo nikawaza juu ya vyungu vya mama yangu. Alikuwa mfinyanzi, na chungu chake kingekaa kwenye mafiga miaka mingi kikilambwa na moto kila siku. Nikachora ala ya udongo, bomba la kuvika nyaya kama ala inavyovika kisu, nikampelekea karatasi. Hata karatasi hakuishika. Kwetu udongo ulikuwa wa wanawake. Mwanamume hakusogea pale unapofinyangwa wala pale unapochomwa, la sivyo vyungu vingepasuka. Utoto wangu wote nilifukuzwa hapo kama mbuzi.

"Mwaitu, hii ni kazi ya mshahara," nikamwambia.

"Basi mlete mke wako, yeye nitamwonyesha. Wewe kaa na mizinga yako ya nyuki."

Mke wangu akaenda, na wivu wangu ukaanza siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeketi ng'ambo ya boma nikiwasikia wakicheka. Mama yangu, ambaye hakuwahi kunionyesha hata shimo anakochimba udongo, alikuwa akimwonyesha binti wa watu kila kitu. Sikujua nimwonee wivu nani, mke kwa kunichukulia mama au mama kwa kunichukulia mke. Nikaona bora niwaonee wote wawili.

Nilikuwa nimechora bomba lenye mwisho bapa kama kopo. Lililokuja nyumbani lilikuwa na mwisho wa mviringo kama kitako cha chungu, na shingo nene.

"Mbona umebadilisha mchoro?" nikauliza.

"Chungu iko na kona uliona wapi? Kona ndio inaanza kupasuka."

"Mimi ndio fundi hapa."

"Na mimi ndio nimechafuka mikono, baba watoto. Peleka kwa moto, tuone."

Ndani ya udongo walikuwa wamechanganya vigae vya vyungu vikuukuu, vilivyosagwa mpaka vikawa kama changarawe laini. Nikatia nyaya zangu, nikaingiza mkuki kwenye tundu nililolitoboa ubavuni mwa tanuri, mahali ambapo mawe yanayoshuka hayawezi kuugonga. Mahali hapo nilipatafuta mwenyewe kwa miezi, nikiunguza nyusi. Mkuki ukakaa. Mshale ukapanda, ukatulia, na chokaa iliyotoka ilichemka kwenye maji mpaka tajiri akapiga makofi.

"Huyu mama ni hatari!" akasema, alipojua ala ilifinyangwa na mke wangu.

Tangu hapo wachomaji walimwita Mama Mkuki. Kanisani alisalimiwa kabla yangu. Sokoni muuza nyama alinitambulisha kwa mgeni kuwa ni bwana wa Mama Mkuki, nami nikaacha kununua nyama kwake. Nyumbani niliona kosa katika kila sahani ya isyo, na kama maharagwe yameiva vizuri nilisema mahindi ni magumu. Mke wangu alijua ninachougua. Aliniongezea mchuzi, akaniuliza kama mshale umepanda.

Kulikuwa na jambo jingine lililonichoma. Mfinyanzi wa kwetu huacha alama yake kwenye shingo ya chungu, na mke wangu alikuwa na yake, mikato mitatu. Kila ala iliyoingia tanurini iliingia na mikato hiyo. Mimi nami nilikuwa na alama ya baba yangu, ile tuliyochonga kwenye mizinga ili mtu asidai asali ya mwenzake. Mchana mmoja mke wangu alikuwa ameanika ala mpya kivulini, zimekauka lakini hazijachomwa. Nikachomoa kisu, nikaanza kuchonga alama yangu kwenye mojawapo. Sikujificha, na yeye alikuwa amesimama mlangoni.

"Wacha hiyo, bado haijachomwa."

"Ni kazi yangu pia."

Akashika kiuno. "Basi chora."

Nilichora, nikachimba vizuri ionekane. Ala ile ilichomwa, ikatoka nzima, ikaingia tanurini. Kisha ikapasuka palepale kwenye alama yangu. Moshi ukaingia, nyaya zikaharibika, mshale ukashuka. Wachomaji wakadhani moto umepungua, wakaongeza kuni, wakaongeza tena. Chokaa ya tanuri zima ikafa.

Mama yangu alisema ni kwa sababu mkono wa mwanamume uligusa udongo mbichi. Nikasema kisu kiliingia ndani mno, na mpasuko hupenda mahali palipokatwa. Mpaka leo nasema hivyo. Mke wangu alisema mimi na mama sote tumesema kweli, na ala imepasuka. Tajiri alipita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo, akamwendea yeye.

"Mama, ingine itakuwa tayari lini?"

Afadhali angenitukana.

Habari za mkuki zikafika kwenye kiwanda kimoja cha vigae vya kuezekea, karibu na Mtito Andei. Wakataka kuuona. Tulipanda lori la chokaa, tukapita Ikutha hadi Kibwezi, tukashika barabara ya Mombasa. Mke wangu alizifunga ala mbili kwenye leso akazipakata kama mtoto. Mimi nilibeba mfuko wenye nyaya na mita. Getini askari alitutazama mmoja mmoja.

"Nimeambiwa kuna mama wa mikuki. Mama, ingia. Mzee, wewe ngoja hapo na mizigo."

Mke wangu aligeuka akanitazama mara moja, kisha akaingia. Nikaketi juani kando ya malori, mfuko mapajani. Madereva walikuwa wakinywa chai na kunitazama. Niliwaza kupanda gari nirudi Kibwezi na mita yangu, tuone watapima nini na bomba tupu. Kisha, mimi mwimbaji wa kwaya, nilimwomba Mungu mke wangu ashindwe kueleza. Nilitaka wamwulize swali moja tu la nyaya, akwame, waje kunitafuta.

Alitoka akitembea haraka, meneja nyuma yake.

"Hii ya udongo ni yangu," alimwambia kwa sauti ileile kubwa. "Ya ndani ni ya huyu. Yeye ndio aliitafuta mpaka akaipata. Mkitaka moja bila ingine, hatuuzi. Na mbona mmemwacha kwa jua?"

Meneja akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita fundi mbele ya madereva wote. Askari akaninyang'anya mfuko ili anibebee.

Nilichokitaka tangu mkuki wa kwanza ulipoharibika, nilikipata pale getini. Nikamtazama mke wangu, leso begani, udongo mkavu kwenye kucha, na wivu ukanipanda upya, mkali kuliko wa kwanza, kwa maana hata ufundi wangu mwenyewe nilipewa na yeye.